Kolera inafuata robine iliyokauka
Maneno ya komite ya afya na maji mbele ya mkutano mkuu wa wanachama

  Tutajaribu kusema yetu bila kuzunguka.

Mwaka huu komite ilipokea maulizo mawili. La kwanza lilitoka kwa wanachama, na lilisemwa kwa sauti kubwa ku robine, mbele ya bidoni zilizopangwa: "Siye tulishapata vaksen ya kolera. Sasa munatuomba tena franka za robine za nini?" La pili lilitoka kwa wafadhili, kwa barua ya adabu sana: mradi wa maji ulikwisha, picha zilipigwa, kwa nini shirika linaomba pesa ya kutengeneza kitu ambacho kilikwisha kujengwa? Kuko na ulizo la tatu ambalo hakuna mtu aliyetuandikia. Hilo linasemwa sokoni tukipita: eti kolera imeletwa na watu waliorudi kutoka Tanzania.

Tulikaa, tukatafuta, tukawauliza waganga na wasomi wanaojua, tukasomewa yale ambayo watafiti wameandika. Jambo lililotushangaza ni kwamba majibu hayakutoka mbali. Yalitoka Uvira na Kalemie. Wasomi wa dunia wanapotaka kujifunza kolera wanakuja kwenye ufuko wa ziwa letu hili, wanahesabu wagonjwa wetu, wanapima maji yetu, halafu vitabu vinachapwa Ulaya na Marekani, na siye tuliohesabiwa hatuambiwi kitu. Leo tunataka tuambiane.

Kwanza tukumbushane ugonjwa wenyewe. Kolera, ile ambayo kule Lugufu na Nyarugusu tulizoea kuiita kipindupindu, inaletwa na mikrobe ndogo iliyojipinda kama alama ya mkato. Inaingia kwa mdomo, ndani ya maji ao chakula kilichoguswa na choo cha mgonjwa. Kutoka siku inapoingia mpaka siku ya kuharisha, inaweza kupita nusu siku, inaweza kupita siku tano. Ikifika katika utumbo inatoa sumu, na sumu hiyo inaulazimisha utumbo kumwaga maji ya mwili nje. Hailı nyama ya mtu wala haitoboi tumbo. Inamkausha tu. Mtu mwenye kolera kali anaweza kupoteza karibu litre moja kila saa, ndiyo maana baba aliyekuwa akivuta nyavu alfajiri anaweza kufariki kabla ya jua kuzama. Bila matunzo, katika wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kufa nusu na zaidi. Wakitunzwa vizuri, kwa SRO na serumu, hafi hata mmoja katika mia. Magonjwa yenye tofauti kubwa namna hii kati ya kutunzwa na kutotunzwa ni machache.

Tena mukumbuke kwamba watu wengi wanaoibeba mikrobe hii hawaugui kabisa, ao wanaharisha kidogo na kuendelea na kazi. Wanaenda choo, wanaenda ziwani, wanasafiri. Kwa hiyo yule anayemwangalia jirani na kusema "huyu ndiye ameleta" anaangalia kwa macho kitu ambacho macho hayawezi kuona.

Na hapo tunafika ku lile neno la sokoni. Tulitaka kuliacha lipite, lakini watoto wetu wanalisikia shuleni, basi hatuwezi kunyamaza.

Kolera hii ya sasa ilianza safari yake Indonesia mwaka 1961. Ilifika Afrika mwaka 1970. Katika maziwa yetu ya mashariki ya Kongo ilikwisha kuingia kabla ya miaka ya 1980. Nani kati yetu alikuwa mkimbizi Tanzania wakati huo? Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 na miaka iliyofuata, vita vikiwa nyuma yetu. Tulipoondoka tuliiacha kolera hapa, na tuliporudi tukaikuta hapa. Mwaka 2008 mtafiti wa Kongo, Didier Bompangue, na wenzake walitoa kazi iliyochora ramani ya wagonjwa wa mashariki ya nchi. Wakaonyesha kwamba ugonjwa huu haukai kila mahali sawasawa: unadumu katika miji na maeneo ya kando ya maziwa, na kutoka hapo ndipo unatoka kwenda kushambulia kwingine.

Halafu mwaka 2017 kundi kubwa la wasomi, wakiongozwa na watu wa Institut Pasteur ya Paris, walisoma ukoo wa mikrobe yenyewe. Ndiyo, mikrobe ina ukoo kama mtu. Kila inapozaa, maandishi ya ndani yake yanabadilika kidogo kidogo, na anayejua kuyasoma anaweza kusema hii ni mtoto wa ile. Walichukua sampuli zaidi ya elfu moja, za nchi 45 za Afrika, za karibu miaka 50. Wakakuta kwamba kolera imeingizwa Afrika kutoka upande wa Asia angalau mara 11 tangu 1970, na mara nyingine ilipoingia ilikaa miaka mingi ikipita kutoka mtu kwenda mtu. Maana yake ni kwamba ugonjwa unabebwa na watu, si na upepo wala laana ya ziwa. Watu wote: wavuvi, wafanyabiashara wa ndagala, askari, wasafiri, na ndiyo, hata wakimbizi.

Hatutawadanganya kwa kusema wakimbizi hawapati kolera. Wazee wa Goma wanakumbuka Julai 1994, Wanyarwanda wakimbizi kwa mamia ya maelfu wakiwa juu ya mawe ya volkano, hakuna pa kuchimba choo, maji ni ya ziwa. Karibu watu elfu 50 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kuharisha. Na walio na ndugu Kigoma wanakumbuka Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na maji, na kolera ikawapata pale pale. Lakini muangalie vizuri hali hizo mbili. Watu wale walikuwa wamenyimwa maji safi na choo. Mtu mwenyeji angewekwa juu ya mawe yale pamoja nao, angeugua vile vile. Kwa hiyo anayewaambia watoto wetu kwamba sisi ni kolera, mjibuni kwa upole kwamba wasomi wamekwisha kusoma ukoo wake na jina letu halimo.

Sasa tuje ku robine, ambayo njo kiini cha maneno yetu leo.

Uvira mnaijua. Milima ya Mitumba upande mmoja, ziwa upande mwingine, mji umebanwa katikati. Katika miaka ambayo utafiti ulifanywa, maji ya robine ya mji mzima yalitoka kwenye kituo kimoja cha kusafishia, cha Regideso. Umeme ukikatika, pompe zinasimama. Pompe zikisimama, mama wanachukua bidoni wanateremka ziwani ao kwenye mto. Jambo hilo halihitaji msomi kulijua. Lakini mtafiti mmoja wa chuo cha London cha usafi na magonjwa ya nchi za joto, Aurélie Jeandron, pamoja na wenzake, walifanya kitu rahisi sana ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya pale. Walichukua daftari mbili. Daftari moja ni ya kituo cha maji: leo tumetoa maji kiasi gani, jana kiasi gani. Daftari ya pili ni ya sentre ya kolera: leo wameingia wagonjwa wangapi. Wakaziweka pamoja, siku kwa siku, kwa miaka mitano, toka 2009 mpaka 2014.

Walichokikuta kilichapwa mwaka 2015. Siku moja bila maji ya robine, ukiilinganisha na siku ambayo maji yametoka vizuri, inaongeza wagonjwa wanaoingia katika siku 12 zinazofuata kwa asilimia 155. Tuseme kwa hesabu ya sokoni: pale ambapo wangeingia wagonjwa 10, wanaingia 25 hivi. Siku moja tu! Wakapiga hesabu ya miaka yote, wakaona kwamba katika kila wagonjwa 100 waliolazwa, 23 hivi walilazwa kwa sababu maji hayakutoka inavyopashwa. Karibu robo ya vitanda vile.

Tunaomba muipime vizuri ile "siku 12". Robine inakauka Jumatatu, Jumatano inatoa tena, watu wanasahau. Mtoto anaanza kuharisha Jumatatu inayofuata. Nani atakumbuka kuunganisha kuharisha kwa mtoto na robine ya juma lililopita? Tutasema ni embe, tutasema ni ndagala mbichi, tutasema ni jirani. Ndiyo sababu daftari zinashinda kumbukumbu ya kichwa.

Na kuko na kipande kingine katika kazi ile ambacho wafadhili hasa tunawaomba wakisome mara mbili. Maji yalipokatika, pigo lilikuwa kali zaidi katika kartie ambazo watu wake walikuwa wamezoea kutumia maji ya robine, kuliko zile ambazo robine ni chache. Inaonekana kama kinyume, lakini tuifikirie. Mama ambaye hakuwahi kuwa na robine amekwisha kupanga maisha yake: anajua kisima gani, anajua kuchemsha, ana klori kidogo nyumbani. Mama aliyezoea robine ameweka imani yake pale. Hana akiba ya maji, hana klori, na siku ikikauka anashuka ziwani kwa haraka na kumnywesha mtoto jioni ile ile. Kwa hiyo anayejenga robine halafu hawezi kuifanya itoe maji, hajawaacha watu pale alipowakuta. Amewaacha pabaya zaidi.

Wafadhili wetu, hatusemi hivyo kwa kuwatukana, wala hatumsemi mtu kwa jina. Lakini wote tunajua mahali fulani ambapo kibao cha mradi bado kinang'aa, rangi yake ni nzuri, na chini yake robine mbili kati ya nne hazina kichwa. Pesa ya kibao ilikuwamo katika bajeti. Pesa ya valve haikuwamo. Mlipotuuliza kwa nini tunaomba pesa ya kitu kilichokwisha kujengwa, jibu letu ni ile daftari ya Uvira. Kinachozuia kolera ni maji yanayotoka leo na kesho na keshokutwa. Kujenga ni siku moja ya sherehe. Kutoa maji ni kila asubuhi, na kila asubuhi ina gharama: mafuta ya pompe, klori, kipande cha bomba, mshahara mdogo wa kijana anayefungua na kufunga.

Sasa turudi kwa wanachama na ulizo lenu la vaksen, maana hilo nalo ni ulizo la haki.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, Uvira ilifanya kampeni kubwa ya chanjo ya kolera, ile ya kunywa. Ilipangwa mtu anywe mara mbili. Lakini mnajua maisha: siku ya pili wengine walikuwa shambani, wengine ziwani, wengine wamehama. Wakabaki na dozi moja. Mtafiti wetu wa Kivu, Espoir Bwenge Malembaka wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, pamoja na wenzake wa Uvira na wa nchi zingine, wakauliza: hiyo dozi moja inamlinda mtu kwa muda gani? Kazi yao ilichapwa mwaka 2024, nasi tunajivunia kwamba jina la kwanza juu ya kazi hiyo ni la mtoto wa kwetu.

Walifanya hivi. Mgonjwa akiingia sentre ya kolera, hawakukubali neno "kolera" hivi hivi, walipima choo chake mpaka mikrobe ionekane. Hilo ni jambo kubwa, maana kazi nyingine ya Uvira ilikwisha kuonyesha kwamba kati ya wanaolazwa kwa kudhaniwa kolera, wanaothibitishwa kwa kipimo hawafiki nusu. Wengine wana kuharisha kwa sababu nyingine. Kisha kwa kila mgonjwa aliyethibitishwa walitafuta majirani wanaofanana naye kwa umri na mengine ambao hawakuugua. Wakauliza wote: ulikunywa chanjo? Mara ngapi? Kama wagonjwa waliochanjwa ni wachache kuliko majirani waliochanjwa, basi chanjo imefanya kazi.

Ilifanya kazi. Kati ya mwezi wa 12 na wa 17 baada ya kunywa, dozi moja ilipunguza kolera kwa asilimia 52.7. Kati ya mwezi wa 24 na wa 36, ilikuwa bado karibu asilimia 45. Watafiti wenyewe wanasema hesabu hiyo ina upana mkubwa, ukweli unaweza kuwa chini ya hapo ao juu yake. Na kwa watoto waliokuwa wadogo, chini ya miaka mitano, kinga ilionekana ndogo zaidi.

Tuzitafsiri namba hizo nyumbani. Chukua watu 10 ambao bila chanjo wangeugua. Dozi moja imewaokoa tano hivi. Tano si wachache! Hakuna mtu mwenye akili anayekataa kitu kinachookoa watano kwa kumeza kidogo tu, bila sindano, bila maumivu. Kwa hiyo kampeni ikija, nendeni, na wapelekeni watoto, na mara ya pili ikiwapo msikose. Lakini wale watano wengine bado wapo, na ndani yao watoto ni wengi, na hao hawana kitu kingine kati yao na mikrobe isipokuwa maji safi. Chanjo ni mwavuli wenye matundu. Unautumia kwa sababu mvua inanyesha, lakini huendi kulala nje kwa sababu unao.

Tena kuko na jambo la dunia ambalo lazima mulijue. Toka Oktoba 2022, wale wanaosimamia akiba ya chanjo ya kolera ya dunia waliamua kwamba pale ugonjwa unapolipuka, watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Hawakuamua hivyo kwa sababu moja inatosha sawasawa na mbili. Ni kwa sababu nchi zenye kolera zilikuwa nyingi na chupa zilikuwa chache. Siku tukiletewa dozi moja tutashukuru, lakini tusijidanganye kwamba tumepewa yote. Anayesema "nilishapata vaksen, silipi robine" anaegemea ukuta wa nusu.

Kazi ya tatu inatoka ng'ambo ya kusini, Kalemie, na hii ndiyo inayotugusa sisi kama majirani. Andrew Azman na wenzake walichukua orodha ya wagonjwa wa Kalemie wa 2013 na 2014, wakaandika kila nyumba iko wapi, wakapima kwa mita. Mgonjwa mmoja akipatikana, nani ataugua baada yake? Wakakuta kwamba katika siku tano za kwanza, watu wanaokaa ndani ya mita 20 kutoka nyumba ya mgonjwa wako katika hatari zaidi ya mara mia moja kuliko watu wengine wa mji. Mara mia! Ukienda mbali hatari inapungua, mpaka kama mita mia mbili hivi inakuwa karibu ya kawaida.

Mita 20 ni nini? Ni kutoka hapa mezani mpaka ule mwembe. Ni nyumba yenu, ya jirani wa kulia, ya jirani wa kushoto, na ile inayotumia choo kimoja na yenu. Siku tano ni nini? Ni muda ambao kwa kawaida tunautumia kuficha. Mgonjwa anaharisha usiku, tunasema ni tumbo tu. Kesho yake tunatafuta dawa ya majani, tunanunua vidonge viwili vitatu ku famasi. Siku ya tatu tunaogopa majirani watasema. Tunapofika kumwambia reko, siku tano zimekwisha na nyumba tatu zimeugua. Na hapa lile neno la sokoni linaua watu kweli kweli: mtu aliyerudi kutoka Tanzania anaficha zaidi ya mwenyeji, kwa sababu anajua atakavyoitwa. Ndiyo sababu tumeanza na neno lile.

Juu ya vidonge vya famasi, tuseme neno moja na kupita. Kolera ya Goma ya 1994 ilikuwa imekwisha kuzoea dawa iliyotumiwa sana wakati ule, haikuiogopa. Kinachookoa mgonjwa ni maji na chumvi kurudi mwilini haraka. Dawa ya kuua mikrobe inaamuliwa na waganga wa sentre, si na muuza duka.

Basi komite inaleta nini mbele yenu? Mambo mawili, na yote mawili yanahitaji mikono yenu.

La kwanza ni sanduku la robine. Tunaomba sehemu ya mchango wa kila mwezi itengwe, isiguswe kwa matanga, wala kwa mkopo, wala kwa safari ya komite, ikiwa ni pamoja na safari zetu sisi. Ni ya klori, mafuta, vipuri na kijana wa robine, basi. Tunajua wengine mtasema matanga ni wajibu wetu wa kwanza, shirika hili lilizaliwa kwa sababu ya kuzikana kule kambini, ambako mtu alikufa bila ndugu. Ni kweli, na sanduku la matanga linabaki. Lakini mama mmoja wa komite alisema jambo wakati tunajadiliana, na tumeliweka hapa kama alivyolisema: "Kila mara tunachanga jeneza la mtoto bila kuulizana. Kwa nini bomba linatuchukua miezi mitatu ya mikutano?"

Pamoja na sanduku kuko daftari. Kijana wa robine ataandika kila siku: maji yametoka saa ngapi mpaka saa ngapi, na kama hayakutoka, kwa sababu gani. Daftari hiyo itasomwa katika kila mkutano na nakala itatumwa kwa wafadhili. Tumejifunza Uvira kwamba daftari ya maji ni daftari ya afya. Ninyi wafadhili, mtakapotaka kujua pesa yenu imefanya nini, msitafute picha. Tuulizeni ni siku ngapi maji hayakutoka.

La pili ni kundi la mita 20. Katika kila avenyu tunaomba watu wawili, ikiwezekana mama mmoja na kijana mmoja, wafanye kazi pamoja na reko. Siku ile ile mtu anapoharisha maji kama ya mchele, bila kungoja kipimo, hao wawili wanafanya mambo yafuatayo: wanampa SRO papo hapo na kumsindikiza sentre ya afya, wanapeleka klori na sabuni kwa nyumba zote zilizo ndani ya mita 20, na wanaangalia choo. Hawapigi kelele, hawaulizi mtu alitoka wapi. Klori itawekwa kwa kipimo ambacho reko watafundishwa, msiweke kwa makisio, maana ikizidi watu wanakataa maji kwa sababu ya harufu na wanarudi ziwani. Mgonjwa akifariki, maiti haioshwi na familia mpaka watu wa afya wafike. Tunajua hilo ni gumu kuliko yote tuliyosema. Wazee watatusaidia kulisema katika makanisa na misikiti.

SRO ikikosekana, kila nyumba iwe na kipimo hiki, tunakirudia kila mwaka na bado tunakuta watu wanakikosea: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi inaumiza mtoto. Mtoto mchanga anayenyonya aendelee kunyonya. Mgonjwa akitapika, mngoje kama dakika kumi, halafu muanze tena polepole, kijiko kwa kijiko. Na njia ya kwenda sentre musiache kumnywesha, hata juu ya pikipiki.

Kura ya sanduku itapigwa sasa, kwa mikono, na wale wasio na kadi ya mwaka huu wanaweza kuilipia mezani kwa mtunza sanduku kabla ya kuhesabu. Wanaojitolea kwa kundi la mita 20 wabaki chini ya mwembe baada ya mkutano. Reko wawili wamekubali kukaa na sisi mpaka saa kumi, na wamekuja na klori, bidoni, na kijiko cha kupimia. Mje na vijiko vyenu vya nyumbani tuvilinganishe, kwa sababu tulipovijaribu juzi hakuna viwili vilivyolingana.